Robine ya Nuhu na Umwiza

Goma, Mabanga, 3 Novemba 2025

Papa Alimasi,

Assalaam aleikum. Habari za Bukavu? Goti linakusumbua bado? Sisi wazima, ni vumbi tu limetuzidi.

Papa, mwaka unakaribia tangu vita iingie mjini. Wazazi wanataka shule iweke jiwe lenye majina ya walimu wetu wawili, Umwiza na kaka Nuhu, waliotoka kuwatafutia maji watoto waliojificha darasani, wasirudi. Mimi ni directrice, mkuu wa shule, lakini wewe ndiwe baba yake Nuhu. Naomba ruhusa.

Bintiyo,
Asma

Bukavu, 17 Novemba

Mwanangu Asma,

Waaleikum salaam. Goti ni kaidi kama lori kuukuu, ila vilima linapanda.

Jiwe sitaki. Kwetu marehemu haandikiwi jiwe, anatolewa sadaka. Jirani yangu Rachid atakuletea kwa boti tangi na robine ya kufungulia maji. Watoto wanywe, thawabu zimfikie Nuhu. Jina lake Mungu analijua, inatosha.

Papa yako

Goma, 9 Desemba

Papa,

Salaam nyingi. Tangi limefika, Rachid amelifunika kama bibi harusi. Tumelisimamisha juu ya mawe ya volkano, ila maji bado hatujafungua.

Mama yake Umwiza, Mama Nyiramahirwe, alikuja nikamweleza neno lako. Hakukasirika. Alisema tu: "Directrice, mutoto wangu hana kaburi. Kama hapa hakuna jina, nitakuya kumusalimia wapi?"

Nimemwahidi kuandika jina la Umwiza. La Nuhu sitaandika bila wewe, lakini sikufichi: walikufa pamoja, nataka waandikwe pamoja.

Bintiyo mbishi,
Asma

Bukavu, 19 Januari 2026

Mwanangu,

Amani iwe kwako na watoto wa shule. Usidhani nilinuna. Muda wote huu nabishana moyoni na mama huyo, na amenishinda. Hata mimi kaburi la mwanangu silijui, na inaniuma.

Andika. Jina la binti yake litangulie, la Nuhu lifuate. Ila jiwe lisisimame uani kungoja maua. Liwekeni chini ya robine, ili mtoto akiinama kunywa, asome. Mwenye kuuliza hao ni nani, wakubwa wamwambie.

Napanda boti ya Jumamosi, goti lipende lisipende. Mwambie Mama Nyiramahirwe aningoje. Nitafungua maji mimi, anywe yeye kwanza.

Papa yake Nuhu