Diploma ya Mume, Masomo Yangu

Mama Djamila mpendwa, nisaidie kabla Pentekoste haijafika, maana siku hiyo mume wangu atawekwa wakfu kuwa pasta kanisani kwetu hapa Musonoi, akina mama wameshachagua kitenge, fundi ameshapima, sokoni wananiita Mama Pasta na mimi ninaitika, na kila nikiitika moyo unanichoma, kwa sababu masomo yaliyompa mume wangu diploma ya Biblia niliyasoma mimi.

Nikueleze vizuri usije ukanidhania mwizi. Mume wangu Numbi anaendesha lori la kubeba mawe kwenye mashimo ya mgodi wa Mashamba, ni mtu mwema, anaomba, watoto wa jirani wanampenda, na wazee wa kanisa walipomwambia ana wito sikuona ajabu, ila dhehebu letu haliweki mtu kuwa pasta bila diploma ya Biblia, na kwa zamu zake hawezi kuhamia Lubumbashi kusoma, basi akaona kwenye simu tangazo la chuo cha mtandaoni, bei nafuu, masomo ya haraka, picha ya watu wamevaa toge, yale majoho ya mahafali, wanacheka, na chini yake maneno "tunatambuliwa kimataifa", akajiandikisha siku ile ile, na mimi nilikuwa nimekaa karibu naye nikashangilia, wala sikuuliza wanatambuliwa na nani.

Mwanzo nilikuwa namsomea kwa sauti. Anarudi asubuhi kutoka zamu, vumbi mpaka kwenye kope, anaoga, anakaa, mimi nashika simu nasoma somo la siku hiyo, na kabla sijafika katikati kichwa kimeanguka kifuani. Nikimwamsha anasema, "Mama Jeancy, soma tu we. Mi nilichoka. Si tuko mubiri moya? Diplome itaingia mu nyumba moya." Na kweli Mama Djamila, kwetu ndivyo ilivyo, mwanamume akiwekwa wakfu mke wake anapiga magoti pembeni yake, wanawekewa mikono pamoja, na wakiinuka yeye ni pasta na mke ni mama pasta, hakuna anayemuuliza mke amesoma wapi, kwa hiyo sikuona kama nachukua kitu cha mtu, niliona tunabeba mzigo mmoja, yeye anachimba mkate na mimi nasoma. Nikajibu maswali. Baadaye nikaandika insha. Baadaye hata kumwambia kwamba kuna insha nikaacha.

Na hapa ndipo aibu yangu ilipo, kwa sababu nilipenda. Niliacha shule kidato cha nne baba yangu alipofariki, sikujua kama kichwa changu bado kinafanya kazi. Naweka makaa kwenye jiko la mbabula, sufuria ya ugali wa bukari juu, simu mkononi, na ndani yangu kuna furaha ambayo sijawahi kuipata kwenye jambo lolote. Siku moja niliandika juu ya Hana, mama yake Samweli, jinsi alivyoomba midomo ikicheza na sauti isisikike, hata kuhani akamdhania amelewa, na mwalimu akarudisha jibu hili: "Ndugu Numbi, unaandika juu ya Hana kama mtu aliyewahi kulilia mtoto." Nilizaa wawili wakafariki kabla ya Jeancy. Nililia, bukari ikaungua, na mume wangu alipouliza ni nini nikasema ni moshi.

Basi diploma ikaja, kanisa likafanya sherehe, Numbi akavaa toge. Halafu Jumatano moja kwenye mafundisho Pasta Philippe, mchungaji wetu ambaye sasa anazeeka na anatafuta wa kumsaidia, akasema, "Ndugu Numbi, wewe uliyesoma, tufafanulie kwa nini Paulo aliwakemea Wagalatia." Mume wangu akafungua Biblia, akafunga, akafungua tena, akanitazama, na mimi kutoka benchi la akina mama nikajibu kabla sijafikiri, nikajibu mpaka mwisho. Watu wakacheka kwa furaha, mama mmoja akasema, "Eh! Mama Pasteur eko nachunga bwana yake muzuri!" Tulipofika nyumbani Numbi hakula. Aliniambia neno moja tu: "Ulinipatisha haya mbele ya bantu."

Juu ya hayo, Falonne, binti wa jirani yetu, alisoma chuo kile kile, na alipopeleka diploma yake kuomba kufundisha dini shuleni wakamrudishia, wakasema hicho chuo hakina kibali popote. Kanisani kwetu hakuna aliyewahi kuuliza, waliona mhuri na toge wakapiga vigelegele. Sasa nimetafuta mwenyewe vyuo vingine vya mtandaoni, vingine ni ghali hata sithubutu kuangalia mara ya pili, vingine ni rahisi mno naogopa, kimoja kinaonekana kizuri, na nilipomwambia mume wangu kwamba nataka kusoma akasema, "Diplome moya inatosha mu hii nyumba. We utakuwa tu mama pasteur, masomo ingine ni ya nini?"

Mama Djamila, najuta. Najuta sikumwamsha. Najuta nilimpenda mume wangu vibaya, nikamfanya mtu wa kuogopa swali la Jumatano. Na mara nyingine, Mungu anisamehe, najuta zaidi kwa ajili ya zile insha kuliko kwa ajili yake. Nifanye nini? Ninyamaze Pentekoste ipite? Na chuo cha kweli mtu wa mfuko mdogo anakijuaje?

Mimi mke wa Numbi, mama wa Jeancy, Musonoi.


MAMA DJAMILA ANAJIBU

Mama, pole. Pole kwa watoto wawili, pole kwa bukari, pole kwa furaha uliyoificha kwenye moshi. Nimekupa pole zako zote hapa mwanzoni kwa sababu nikianza kusema sitarudi nyuma.

Wewe unajua mimi naswali msikitini na ukoo wangu wote ni wachuuzi na wachukuzi wa mizigo, hatuna pasta hata mmoja. Lakini hadithi yako haikunihitaji nijue Wagalatia. Umeandika kurasa nzima ukijiuliza kama wewe ni mwizi. Hapana, wewe si mwizi, wewe umejiibia. Na mumeo umemfanyia kitu kibaya zaidi ya kumwibia: umemvika kazi ambayo hajui kuifanya, kisha unataka kumwacha asimame nayo mbele ya wafiwa na wagonjwa na wanandoa wanaogombana. Aliogopa swali moja la Jumatano. Akishakuwa pasta, kila siku ni Jumatano. Na wewe utakuwa benchi la akina mama unamjibia mpaka lini?

Yeye naye asijifiche nyuma ya mwili mmoja. Mbona mwili mmoja ulikuwepo wakati wa kusoma, na wakati wa kuvaa toge ikavaliwa na mmoja? Mwambie hilo nimesema mimi, anikasirikie mimi. Alichoka, ndiyo, lile lori si mchezo. Lakini mtu aliyechoka anasema nimechoka, anaomba muda. Hatumi mke wake kuitwa Ndugu Numbi.

Sasa kazi ya kwanza. Usiguse simu, usijiandikishe popote bado. Ngoja siku yake ya mapumziko, akiwa amelala vya kutosha na amekula, Jeancy mpeleke kwa bibi yake, ukae naye. Usianze na chuo chako. Anza na Jumatano ile. Mwambie, "Tulikosea, mimi na wewe," kisha unyamaze umwache aongee, kwa sababu nadhani huyo mtu amelala na hofu tangu siku ile na hana wa kumwambia. Baadaye mwende wawili kwa Pasta Philippe, Numbi ndiye aseme, mwombe kuwekwa wakfu kuahirishwe. Mwende wiki hii, si wiki ya Pentekoste. Aibu itakuwepo. Watu wa Musonoi wataongea, wanaongea hata mtu akinunua ndoo mpya. Kitenge kikunjwe kiwekwe kabatini, hakitaoza.

Numbi akishatua huo mzigo ataamua mwenyewe kama wito ni wake. Kama ni wake, asome polepole kwa kichwa chake. Kama si wake, aendeshe lori lake na kuomba na kupendwa na watoto wa jirani, hiyo ni heshima ya kutosha.

Kuhusu chuo nimemuuliza Tata Badibanga, anayefundisha dini kwenye shule ya Waprotestanti, rafiki wa kaka yangu Alfani. Alicheka kwanza. Akasema chuo ambacho mwanafunzi wake amesoma mpaka mwisho bila wao kujua kama ni mwanamume au mwanamke, hicho hata usiulize kibali, jibu unalo. Chuo cha kweli kinataka kukuona: mtihani wa video, mwalimu anakuuliza na wewe unajibu kwa mdomo wako, au unakwenda mara moja moja kwenye kituo chao. Wewe uliona kutoulizwa ni urahisi, kumbe ndiyo ilikuwa alama ya kukimbia.

Na wakikuambia wanatambuliwa kimataifa, uliza na nani, jina la hiyo taasisi, na namba ya kibali cha wizara. Wakikupa, usiamini ukurasa wao wenyewe, mpe mtu wa ofisi ya elimu akuangalizie. Kabla ya yote hayo, uliza makao makuu ya dhehebu lenu ni vyuo gani wanavipokea, kwa maandishi, na hapo hapo uliza kama mwanamke anawekwa wakfu kwenu au anaishia kuwa mwalimu na mshauri wa wagonjwa. Usije ukajua jibu siku ya sherehe. Omba pia kuongea na mtu aliyemaliza pale, si yule wa kwenye picha, na umuulize leo anafanya kazi gani.

Bei rahisi isikudanganye na bei ghali isikutishe. Uliza yote: kuandikishwa, mitihani, diploma yenyewe, maana wengine wanafundisha karibu na bure halafu mwishoni wanakukamua. Tafuta wanaokuruhusu kulipa somo moja moja na kupumzika mwezi mfuko ukikauka. Mega za intaneti nazo ni ada, kwa hiyo masomo yawe ya kupakua na kusoma umeme ukiwa umekatika. Wakikuambia nafasi ni ya leo tu, zima simu upike.

Sasa nikuambie lisilo tamu. Zile insha zimekwenda. Hakuna chuo kitakachozipokea, utaanza somo la kwanza kama mtoto wa darasa la kwanza, na kuna siku utakutana na Hana tena na utakumbuka ulishamwandika vizuri kwa jina la mtu mwingine. Siwezi kukuondolea hilo. Utamwandika upya, na moshi usiusingizie tena.

Neno la mwisho. Kabla ya kuchapa barua hizi huwa nabadilisha majina ili majirani wasiwatambue watu. La mumeo nimebadilisha, la mtoto nimebadilisha, la pasta na la binti wa jirani pia. La kwako halikunipa kazi. Nimesoma barua yote tena nikilitafuta, halimo. Siku utakayojiandikisha, kitu cha kwanza watakachokuuliza ni hicho. Usimwite Numbi akusaidie kujibu.