Magoti ya mchana, Ntinda

Mama Neema wangu,

Hamjambo huko nyumbani? Hapa Ntinda njaa ilinizungusha mpaka nikaibukia kibanda cha chakula nyuma ya gereji, kinanukia karanga na matoke. Mamantilie akanijia mezani, mara akapiga magoti! Nikadhani kaangusha kitu, nami nikapiga magoti nimsaidie kutafuta. Watu wote wakaacha kula.

“Mzee, simama! Mimi nasalimia wewe tu,” akaninong'oneza, kicheko kimembana.

Mpaka sasa sielewi mwanamume aitikieje salamu ya namna hiyo. Mchuzi wao wa karanga ni mtamu, ila haujaufikia wako. Kwa hiyo nikirudi, ukiniona nimepiga magoti jikoni kwako, usihangaike kutafuta. Sitakuwa nimeangusha kitu.

Wako,
Baba Neema