Bobi Ndiye Aliyekuja

Brigitte, acha nywele za wateja kidogo, usome hii.

Tuko shambani kwa bosi wa Hénock, ile safari yetu ya kila mwaka ya kuwinda kwale. Hénock alipiga, kwale akaanguka majanini. Nikamwambia Ezéchiel, "Mwanangu, nenda umlete." Hakugeuka. Nikarudia. Anapiga soga na Hénock, baba yake, Kiingereza tupu.

Nikapaza sauti: "Lete!"

Aliyekuja ni Bobi. Brigitte, mbwa! Akaweka kwale miguuni pangu, akakaa, ananitazama.

Nilimlea mwenyewe kwa Kiswahili, kama nilivyowalea wanangu wawili, Ezéchiel na Murielle.

Murielle akasema, "Eish, Mama, Bobi ndiye mtoto wako wa kweli." Kwa Kiingereza, bila shaka. Na Hénock akamjibu kwa Kiingereza hichohicho. Mwanamume wa Lubumbashi!

Wakacheka wote. Nami nikacheka. Ungefanya nini?

Kisha nikaenda garini, eti natafuta chumvi. Mbwa akanifuata. Nikamsimulia jinsi marehemu mama alivyokuwa akipika kwale. Alisikiliza mpaka mwisho.

Jumapili nakuja kwako Berea. Usihangaike na chai. Niongeleshe tu.