Sanduku la Arthur Kwenye Uwanja wa Gari la Moshi

Lubunga, Kisangani, mwezi wa saba

Kwako papa mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na mama, na za nyumba nzima. Natumaini goti lako limetulia na mama anapata usingizi. Mimi ni mzima. Nakula, naenda kazini, narudi, nalala. Ukiniuliza moyoni nasikia nini, sisikii kitu. Ni kama mguu uliokaliwa muda mrefu: unaugusa, unajua ni wako, basi. Barua hii nimempa Fortunée, binti wa jirani, anayeshuka Isangi kuuza chumvi. Sikutaka kupiga simu, kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, na safari hii naomba unisikilize mpaka mwisho.

Uliniuliza kama tamasha la okestra yetu lilifanyika. Lilifanyika. Tonton Jeancy, kiongozi wetu, alikuwa ameapa kwamba muziki wa mabwana wa zamani hautafungiwa tena ndani ya salle, ukumbi wa watu wachache, basi akatuzungusha mji mzima. Ijumaa tulipiga kanisani. Jumamosi tulipiga karibu na maporomoko ya Wagenia, ambako maji yalimeza sauti ya fidla zetu zote na watu wakapiga makofi kwa adabu tu. Jumapili tukavuka mto kuja huku Lubunga, kwenye uwanja wa stesheni ya zamani, pale reli ya Ubundu inapoanzia. Nilipiga fidla yangu siku zote tatu bila kukosea, na sikumbuki hata wimbo mmoja.

Sasa lazima niseme habari za sanduku. Unalijua lile sanduku ambalo Arthur alijitengenezea kwa ajili ya kontrabasi yake, ile fidla kubwa inayopigwa kwa kusimama. Kaka yangu ni seremala, hakutaka kusumbuka na mizunguko ya umbo lake. Alichukua mbao zilizobaki kwenye kabati za watu, akapiga kitu kirefu kilichonyooka, chenye mfuniko na vishikio vya kamba. Tulimcheka sana. Alipokwenda kuwaona huko Isangi mwezi wa nne, aliliacha hapa mjini, na kontrabasi ndani. Tangu baleinière, ile mashua ya mbao aliyorudi nayo, ilipopinduka karibu na Yanonge, hakuna aliyelifungua. Lakini kila okestra inapotoka, sanduku linafungwa juu ya baiskeli ya toleka, ya kubeba watu na mizigo, pamoja na vyombo vingine, linakwenda, linarudi. Hakuna aliye na ujasiri wa kusema libaki nyumbani.

Na wewe, papa, ulikataza matanga. Ulisema mwili haukuonekana. Maneno yako bado nayasikia: “Mutoto yangu iko njiani. Mwenye kumulia ndiye atamuua.” Mama alikunja kitambaa chake cheusi akakirudisha kwenye sanduku lake la nguo. Najua kila siku ya soko unashuka libongo, pale bandarini, kuwauliza wanaofika na mitumbwi. Najua pia kwamba kila jioni mama anaweka sahani ya Arthur mezani, kwa sababu wewe ndiye uliyemwambia aiweke.

Basi, Jumapili ile ardhi ya stesheni ilikuwa mbichi, sanduku likawekwa juu ya viti viwili, chini ya bâche, turubai la kukinga mvua. Sisi wote tulikuwa tumevaa nyeusi, kama okestra inavyovaa. Tukaanza na kipande cha polepole sana. Wewe ungeona mara moja, papa. Sisi hatukuona.

Wamama waliokuwa wanatoka sokoni walisimama barabarani, wakasikiliza, wakatazama chini ya bâche. Wakatua mabeseni yao. Wakalegeza vitambaa vya kichwa, wakaingia, wakaketi chini karibu na sanduku, miguu wameinyoosha. Wengine walikwenda na kurudi na makala ya kuwashia moto, sukari na bidon ya maji. Wakubwa wa mji tuliowaalika, waliokaa kwenye viti vya mbele, waliinuka, wakawapisha wazee. Sisi tukaendelea kupiga. Tulipomaliza hakuna aliyepiga makofi, na mama mmoja akaanza kulia kwa sauti.

Mama Ramla, anayeuza mikate pale kwenye kivuko, ndiye aliyetuuliza. Alisema: “Poleni sana, wana wangu. Nani alikufa?” Tonton Jeancy akaanza kumweleza kwa heshima: alors, mama, hapa hakuna maiti, hii ni concert. Mama Ramla alimwonea huruma, kama mtu aliyevurugwa na uchungu, akamwambia aketi. Tonton akaona njia ni kufungua mfuniko awaonyeshe. Ndani kulikuwa na kontrabasi tu, imelala juu ya lile blanketi la kijani ambalo mama alimpa Arthur. Nilifikiri watacheka, kisha wataondoka. Mama Ramla alitazama, akauliza: “Bon. Na mwenyewe iko wapi?”

Wenzangu wote wakatazama karatasi zao za muziki.

Papa, mimi ndiye niliyejibu. Nilisema ni kaka yangu Arthur, maji yalimchukua, amekufa. Neno hilo halikuwa limetoka kinywani mwangu hata mara moja. Mama Ramla aliketi tena pale chini na kulia, na wote wakalia naye, watu wasiomjua Arthur hata kwa sura. Wakanitandikia mkeka, wakapita mmoja mmoja kunipa mkono. Wakapika chai. Wakatuomba tupige tena kile kipande, tukakipiga mpaka jua likazama. Natamani kukuandikia kwamba nililia. Sikulia. Niliketi mahali pa mfiwa na kupokea mikono ya watu.

Kwa hiyo matanga ya Arthur yamefanyika, bila ruhusa yako. Ukikasirika, nikasirikie mimi, usimguse mama. Lakini sikumuua, papa. Nilisema tu kile ambacho wewe na mimi tulikijua tangu mwezi wa nne.

Mama Ramla anasema matanga yaliyofunguliwa hayaachwi hivyo, baba ndiye anayeyafunga. Ameuliza mara mbili baba yuko wapi. Nimemwambia yuko Isangi, anangoja mtoto. Njoo, papa, uje na mama, na kile kitambaa chake akichukue. Labda mkifika nami nitalia.

Nisalimie shangazi, majirani na wote wanaoniulizia. Tonton Jeancy anawapa pole, na sanduku liko kwangu, limefungwa vizuri.

Na leo jioni, nakuomba, mwache mama aioshe ile sahani, aiweke kabatini.

Ni mimi binti yenu,
Émilie