Kwenye Ukuta Hakuna Mitumbwi

Mama mdogo wangu, ambaye sasa hata simu haikufikii,

Jana ulinijia mawazoni nikiwa shuleni. Mwalimu wa historia alikuwa anatufundisha uchaguzi wa gavana katika jimbo moja la Amerika, zaidi ya miaka mia iliyopita. Kwanza kila chama kilichagua mgombea wake, halafu ndiyo watu wote wakachagua gavana. Mwalimu akasema, "Bon, tuucheze uwanjani. Ila tutapiga mustari kama kwetu, kila mutu nyuma ya mgombea wake."

Unanijua, wageni wakija mimi najificha jikoni. Lakini tulipogawanywa vyama viwili, wenzangu wa chama wakanisukuma nishindane na Divine, wa chama chetu hicho hicho. Tukasimama tukitazama ukuta, maana mgombea hageuki. Nikasikia viatu kwenye kokoto, karibu vyote vinaenda kwa Divine. Mutu mmoja akacheka: "We! Nyuma yako iko upepo tu!"

Hapo nikakumbuka siku ile ya ushirika wenu pale ufukweni. Wauza samaki wa sambaza walitaka mgombea mmoja wa kupambana na yule wa wauza mboga. Mlisimama wewe na Mama Furaha, mkitazama ziwa. Mimi nilikuwa nimeshika beseni lako, nikaona mstari wa Mama Furaha unafika barabarani, na wako ni majirani zetu wa Nengo tu. Mlipoambiwa mgeuke, wewe ulibaki unatazama maji. Nilidhani unaangalia mitumbwi.

Halafu ukageuka unacheka, ukaenda mwisho kabisa wa mstari wa Mama Furaha.

"Na mi niko hapa! Ba mboga basituchekelee!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Nilijivuna sana siku ile, na sikukuambia. Mimi maneno mazuri hunibakia kooni.

Basi jana na mimi nikaenda, miguu mizito, nikasimama mwisho wa mstari wa Divine. Akarudi mpaka kwangu, akanishika bega. "Merci, mwana. Nilidhani utakasirika."

Lakini kabla ya kwenda nilikawia pale nikitazama ukuta, mpaka machozi yakauke. Na kwenye ukuta hakuna mitumbwi, mama mdogo.

Sasa najua ulichokuwa unafanya pale ufukweni. Pole. Pole sana. Ningejua siku ile, ningeweka beseni chini nije nisimame nyuma yako.

Lala salama,
Mtoto wa dada yako