Jibini Haitindi Mlo

Jumatatu, 4 Machi

Karatasi imebandikwa kwenye mlango wa ukumbi wa kulia. "Kuanzia Alhamisi: jibini AU kitindamlo." AU! Miaka kumi na tisa napika katika makao haya ya wazee, na siku zote ilikuwa NA. Nyama, halafu jibini, halafu kitu kitamu. Huku milimani Cantal ndivyo tulivyolelewa sote, mwenye shamba na mchunga ng'ombe wake.

Nikamfuata mkurugenzi, Bwana Vernhet. Alikuja Oktoba kutoka Lyon. Ana adabu, hilo nampa. Anasema kinachotinda mlo ndicho kitindamlo; jibini inakuja mwishoni; kwa hiyo wazee wanapata vitindamlo viwili. Nikamwambia jibini si kitindamlo. "Ni nini basi, Bibi Rongier?" Nikageuka nikaondoka. Mpishi mzima! Nikarudi jikoni nikamenya karoti kama zimenitukana.

Kila mzee atajaza fomu, achague kimoja. Asiyeweza, mwanawe amjazie. Yaani mimi. Mama yuko hapa tangu mwaka juzi, meza ya dirishani. Hanijui tena. Lakini ubao wa jibini ukifika mbele yake, mkono unaamka. Anakata kipande sawasawa, kuanzia nchani mpaka kwenye ganda, ananisogezea. "Kula, wewe. Umekonda." Mara moja kwa siku. Sijakonda hata kidogo! Lakini ndiyo mazungumzo yetu yote.

Fomu nimeikunja mfukoni.

Jumanne, 5 Machi

Nimepita meza kwa meza. Wengi wamechagua kitindamlo — meno yenyewe ndiyo hayo. Mzee Anselme Chabrier, jirani wa mama mezani, ametia alama kotekote. Miaka arobaini alitengeneza jibini mlimani, kila kiangazi, yeye na ng'ombe wake wekundu. Sasa ana themanini na minane, na vidole kama mizizi. Nikamwambia, Mzee, kimoja tu. "Nimeambiwa nichague. Nimechagua." Akanirudishia kalamu.

Jumatano, 6 Machi

Situlii. Nimeunguza sosi mara mbili. Mama anapenda kastadi pia, tena sana, hulamba kijiko mpaka king'ae. Nani kanipa mimi kazi ya kumchagulia?

Nimetia alama kwenye kitindamlo. Ni laini, hakikwami kooni — ndivyo nilivyomwambia Coralie, mhudumu, alipokuja kuchukua fomu. Uongo. Niliogopa wataniona nampigania mama yangu kuliko wengine. Mkono ulikuwa mwepesi mno kutia alama ile.

Alhamisi, 7 Machi

Siku ya kwanza. Saa saba haijafika, ukumbi mtupu! Zamani tulikuwa tunawafukuza karibu saa nane. Vyombo vimeoshwa, nikafika nyumbani mapema, nikanyoosha miguu juu ya kiti. Nilifurahi. Naandika hapa kwa kuwa sitamwambia mtu.

Mama alikula kastadi, akalamba kijiko, akasukumwa chumbani. Hakuniambia nimekonda.

Waliochagua jibini wamepewa kipande cha kiwandani, cha pembetatu, kimefungwa karatasi ya fedha. Bila ubao. Bila kisu. Mzee Anselme alipewa vyote viwili vimfunge mdomo. Kile kipande alikigeuzageuza kama mtu aliyeokota kifungo barabarani. Hakukifungua.

Ijumaa, 8 Machi

Wanakula kama watu wanaongoja basi. Meza ya dirishani ilikuwa haikosi ugomvi — nani alimwacha nani, mwaka gani theluji ilifika madirishani. Leo ndiyo nagundua: ugomvi wote ulikuwa wakati wa jibini.

Jumamosi, 9 Machi

Makubwa!

Baada ya kastadi, Mzee Anselme hakuinuka. Coralie akamwambia, Mzee, twende, mlo umekwisha.

"Haujaisha. Jibini haijaja."

"Lakini umeshakula kitindamlo, Mzee."

"Nimekiona. Kimepotea njia, kimetangulia."

Ukumbi mzima ukacheka. Wiki nzima sikusikia kicheko kile. Akakaa mpaka saa kumi, mikono juu ya meza, kama abiria mwenye tiketi. Na wengine wawili wakabaki naye. Hawakudai kitu. Wamekaa tu!

Nilipika supu ya jioni huku nikichungulia kila dakika tano. Sijui nilitaka nini — wainuke au wasiinuke.

Jumapili, 10 Machi

Leo saba. Mama yumo. Hakugoma, maskini, ila Mzee Anselme alikuwa amekanyaga gurudumu la kiti chake.

Bwana Vernhet akaniita ofisini. Nilidhani atafoka. Akanivutia kiti. Wewe wanakusikiliza, anasema. Waambie wewe, kama mpishi, kwamba jibini ni kitindamlo, waende wakapumzike. Nikamwambia sisemi nisichokiamini. Na huu wote ni ubahili wa jibini tu!

Akasogeza kalamu yake pembeni. Halafu: "Umepanda ghorofa ya pili lini, Bibi Rongier?"

Sikukumbuka.

"Kuna wanne juu hawainuki kitandani. Wahudumu wangu wa mchana ni wawili, na jibini ikiwapo wote wako ukumbini, kwa sababu sheria hairuhusu visu na vipande vigumu bila wao. Wale wa juu wanalowa, wanasubiri. Dakika arobaini. Kila siku. Wewe unaona jibini. Mimi naona Bibi Tissandier."

Nikatoka bila kuaga. Nina hasira — na sijui namkasirikia nani. Miaka kumi na tisa napeleka sinia mpaka kwenye lifti, nageuka.

Jumatatu, 11 Machi

Nimepanda. Ngazi, si lifti, ili nichelewe kufika.

Bibi Eulalie Tissandier ni mdogo kama ndege, ila sauti bado ya mwalimu mkuu. Nikajitambulisha. "Ah, wewe ndiye unayezidisha chumvi kwenye dengu." Nikamuuliza kama ni kweli, kwamba alikuwa akisubiri.

"Ni kweli. Nilikuwa nawasikia huko chini, mnabishana, Chabrier anapiga meza. Nikajua hapo hawaji leo mapema. Nalala nimelowa, nasikiliza." Akafikiri. "Sasa wanakuja upesi. Nakauka upesi. Na sisikii kitu."

Nikamuuliza lipi bora.

"Nawe pia umekuja na fomu?"

Nilishuka na uso unawaka.

Ukumbini walikuwa kumi na mmoja wamekaa. Nikainama sikioni mwa Mzee Anselme nikamwambia yote. Eulalie, mashuka, dakika arobaini.

"Sikujua," akasema. Kisha, polepole: "Sikiliza, Mauricette. Jibini haitindi mlo. Inauchelewesha. Ukishakula kitamu, mbele yako kuna nini hapa? Kitanda. Lakini Eulalie asilale majini kwa ajili yangu. Hapana. Hao mabinti waende juu. Sisi tutakata wenyewe."

Hairuhusiwi, nikamwambia. Mtu akikabwa na kipande?

"Hata supu imewahi kumkaba mtu."

Akaniachia hapo. Sasa ni juu yangu.

Nimekwenda kwa Bwana Vernhet nikamwomba nikae ukumbini mimi, baada ya kupika, ili Coralie na mwenzake wapande. Anasema sina cheti cha uhudumu. Anasema likitokea jambo, si mimi nitakayesimama mbele ya familia, ni yeye. Yuko sawa! Hicho ndicho kinachoniudhi, kila anachosema kiko sawa. Nimezunguka meza ya jikoni kwangu mara ishirini. Nimefungua friji, nimefunga. Kuna nusu gurudumu la jibini ya Salers, la miezi kumi na minane, nililonunua kwa ajili ya Pasaka.

Jumanne, 12 Machi

Saa nane kasoro robo. Naandika nimesimama, daftari juu ya friji ya maziwa.

Nimeitoa ile Salers.

Baada ya nyama, kabla ya kastadi. Nilivua aproni — sijui kwa nini, labda nisionekane mpishi. Nikawaambia Coralie na mwenzake wapande juu, nitakuwepo mimi. Coralie akasema, Mauricette, utatuponza. Kisha kengele ya Bibi Tissandier ikalia, akaenda. Nikaweka ubao katikati ya meza ya dirishani na visu vitatu. Mzee Anselme akanusa ganda, akalikwaruza kwa ukucha. "Huyu ng'ombe alikula majani mazuri." Basi! Ukumbi ukafumuka. Aliyekuwa na kiti cha magurudumu akaja, aliyekuwa na fimbo akaja.

Mimi macho kwenye makoo. Kila anayemeza, nameza naye.

Mama nikamwekea kisu mkononi. Mkono ukaamka. Akakata, toka nchani mpaka kwenye ganda, sawasawa. Nikasubiri. Akakila kipande mwenyewe. Chote. Akatazama nje.

Nikasogea, nikainama, nikamwambia, mama, nimekonda? Akanisukuma kidogo kwa kiwiko, kama nilikuwa namzibia mwanga.

Kumbe hivi. Nilisimama pale na ubao, watu wananidai kipande. Ningeweza kuondoa kila kitu wakati ule. Lakini Mzee Anselme alikuwa anamwambia fulani kwamba ile theluji ya madirishani ilikuwa mwaka wa hamsini na sita, na fulani anasema wewe ulikuwa mlevi mwaka ule wote. Nikakata vingine.

Ndipo Bwana Vernhet akafika. Akasimama mlangoni. Akahesabu kwa macho visu, makoo, na mimi. Akaja mpaka kwangu, sauti ya chini: "Tutazungumza mkimaliza." Akataka kuongeza. Hapo kengele zikalia juu, mbili kwa pamoja. Akatazama dari. Akavua koti, akalitundika kwenye kiti, akapanda ngazi.

Dakika ishirini na tano. Kengele zikanyamaza.

Ameshuka sasa hivi. Mikono ya shati imekunjwa, viwiko vimelowa. Namwona kupitia kidirisha cha jikoni. Hajaniita. Amesimama karibu na meza ya dirishani, anatazama ubao kama mtu anayesoma lugha asiyoijua. Mzee Anselme hajamtazama. Amesukuma kiti tupu kwa mguu, kikagusa goti la mkurugenzi.

Hajakaa. Wala hajaondoka. Kastadi zangu kumi na nne ziko hapa kwenye sinia na sithubutu kuzipeleka, zisije zikautinda mlo —