Barabara ya Jerono Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Mandazi zimeumuka vizuri leo. Wateja wa kibanda wote sasa wanajua: barabara mpya ya hapa Huruma inachorwa na Jerono wangu, kule ofisi za kaunti. Mimi niliishia darasa la saba. Msichana wangu anachora mji! Saa ingine naacha chai ifurike, naiona hiyo barabara ikiteremka, mji unaifuata polepole kama ng'ombe wakifuata maji.

Jumatano, 5 Machi
Mama Atieno wa cherehani, jirani yangu, ameniletea kuku. Amesikia barabara itapita juu ya vibanda vyetu.
"Mama Jerono, si umwambie apinde kidogo tu? Si ni kalamu?"
"Huyo wangu? Atapinda hata mara mbili."
Nimechinja. Tamu sana.

Ijumaa, 7 Machi
Jerono amekataa. Nimemkasirikia. Anasema huo upande mwingine ni nyumba za watu na shule ya nasari.
"Na watu wanatembea kwa matope kwenda kazi, Mama. Wanataka njia ya miguu."
Anasema pahali steji ya matatu inawekwa, ndipo mji huota. Nimelala mchana, nimeota mji unaota kama mahindi, unapita kando yangu.
Kibanda changu ndicho cha kwanza kuvunjwa. Na kuku nimeshakula.

Jumanne, 11 Machi
Mkutano wa maoni ya barabara, kanisani. Jerono mbele na karatasi zake. Nikasimama. Nikasema nilijigamba, kuku nikala, barabara haipindi.
"Na alikuwa anataga kila siku!" Mama Atieno akapiga kelele. Kanisa lote likacheka. Niliona haya mpaka miguuni.
Lakini sikuketi. Nikasema, basi steji mpya iwe na pahali petu sisi wa vibanda, mji usituruke. Jerono akaandika, hakuniangalia, kama mimi ni mtu yeyote. Hakuahidi. Aki, nilijivunia huyo msichana!

Jumapili, 16 Machi
Baada ya ibada tumebomoa kibanda wenyewe, kabla kaunti haijaja kuvunja. Jerono alishika mabati upande ule, mimi huku. Ya steji, kaunti bado hawajajibu.
Alipoenda nikabaki pale peupe. Nikaiona hiyo barabara kama imeshajengwa, watu wanapita, wengi, wametoka kazi, viatu vikavu. Hakuna aliyenijua.
Nikasonga kando, wapite.